Mtindi wa Werugha na chafya zisizokwisha

Siku hizi mtu wa Mombasa akilalamika kuwa pua yamuwasha na chafya hazimwachi, hakosi rafiki wa kumshauri ameze vidonge vya bakteria. Huuzwa katika maduka ya dawa kwa jina la probaiotiki, na bei yake si ya mchezo. Simkatazi mtu kununua. Walakini nina neno juu ya jambo hili, nami nitalianzia mbali kidogo na bahari, huko Werugha katika milima ya Taita, ambako huenda mara kwa mara.

Atokaye Voi kwenye joto na vumbi jekundu, akapita Mwatate penye makonge, kisha akapanda Wundanyi na kuendelea, hujikuta katika ukungu na mashamba ya kabeji na mboga ambazo sisi twazila huku chini. Kila mgeni husifu hewa ya huko. Mwenye mzio haisifu sana. Mahindi yakitoa mbelewele na nyasi zikichanua, macho humwasha na pua humtiririka, na akiingia ndani hukutana na moshi wa kuni na kuvu ya unyevu ukutani. Wala sisi wa pwani tusijione tumepona, maana wadudu wa vumbi, wadogo hata hawaonekani kwa macho, hupenda sana unyevu wetu na magodoro yetu ya sufi.

Neno mzio lenyewe ni la zamani. Wazee walilitumia kwa chakula alichokatazwa mtu na mganga, au kilichomdhuru yeye hali wenzake wakila salama. Madaktari wamelichukua, na wamefanya vema. Kinga ya mwili huikosea chavua ikaiona adui, mwili ukamwaga histamini, pua ikafura. Sisi Waislamu twajua kumwombea rehema apigaye chafya akahimidi, lakini yule apigaye kumi mfululizo huwachosha hata wenziwe wa safu msikitini.

Basi huko Werugha mama mmoja alinimiminia mtindi wa ng'ombe wake, nami nikamwuliza kama wafaa kwa mafua yasiyoisha. Akacheka. "Huu ni wa tumbo, mwanangu. Ya pua mwulize daktari."

Mama yule alisema kweli kuliko wauza vidonge wengi, ingawa tumbo na pua si wageni kama tudhanivyo. Sehemu kubwa ya kinga ya mwili imo katika matumbo, na bakteria waishio humo huifundisha kipi cha kupigana nacho na kipi cha kuacha. Fikra ya kuwa maziwa yaliyoganda yana afya ndani yake si mpya kwa wataalamu. Mrusi Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, aliwasifia Wabulgaria mtindi wao. Katika siku zetu, mwaka 2015, wataalamu walikusanya majaribio 23 ya watu 1,919 wenye mzio wa pua, na katika 17 waliopewa bakteria walipata nafuu. Mwaka 2017 huko Florida, Marekani, watu 173 walijaribiwa kwa wiki nane, na waliomeza bakteria wa aina tatu waliona maisha yao yamepungukiwa na adha za pua na macho.

Nafuu, nasema, si kupona. Tena kila jaribio lilitumia bakteria wake, hata hakuna awezaye kukuambia kwa hakika ununue aina gani. Hapo ndipo biashara inaponiudhi. Namjua kijana aliyeambiwa na muuzaji aache dawa yake ya kupuliza puani kwa kuwa vidonge vingemtosha. Pua ilimziba, usiku hakulala, na pumu yake ya utotoni ikarudi hata akalazwa. Mzio wa pua na pumu ni ndugu, na fedha za vidonge vile zilikuwa karo ya mdogo wake.

Liko na la halali. Vidonge vingi vya namna hii huvikwa ganda la jelatini, na jelatini yaweza kutoka kwa nguruwe. Ni wangapi kati yetu husoma karatasi ya chupa? Mtindi wa nyumbani hauna shaka hiyo. Uchachu wake ni wa asidi wanayoitengeneza bakteria, si kileo.

Tena si lazima bakteria waliochunguzwa wakae katika vidonge. Tangu mwaka 2004 kina mama wa Mwanza, kwa msaada wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, wamekuwa wakigandisha mtindi kwa bakteria wanaojulikana kwa jina, na Uganda nako wakafuata njia kama hiyo. Sioni kwa nini maziwa ya Taita yasipate bahati hiyo. Mtindi wa kibuyu ni mzuri, lakini bakteria wake hakuna aliyewapima kwa ajili ya pua, na maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya bruselosisi. Yachemshwe kwanza, yapoe hadi kuwa vuguvugu, ndipo yatiwe mtindi wa jana.

Mimi naiweka mbele dawa ya daktari, kisha kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo. Sisi tunaopandisha maji puani kila tutawadhapo hatuwezi kusema hilo ni geni. Mtindi uje nyuma yake. Atakaye kujaribu, na anywe kikombe kila siku kwa wiki nane kama wale wa Florida, dawa yake ikiendelea. Asipoona tofauti puani, aendelee kwa ajili ya tumbo, kama alivyosema yule mama.