Bilauri ya Wiski na Siri ya Uzito Wake

Katika makabati ya vyombo ya nyumba nyingi mna bilauri moja au mbili ambazo si kila mgeni hupewa. Ni fupi, nene kitakoni, zimechongwa nakshi za pembepembe ubavuni, nazo zikishikwa huujaza mkono kwa uzito usiotazamiwa. Wiski ikimiminwa humo, hata kiasi cha vidole viwili, rangi yake ya asali huvunjikavunjika katika nakshi na kumetameta. (Maji matupu nayo hupendeza humo, uzuri ni wa kioo, si wa kileo.) Hata neno lenyewe, bilauri, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni jina la jiwe angavu lipenyezalo nuru, wala si chombo cha kunywea.

Uzuri huo una chanzo. Mwaka 1674 George Ravenscroft, mfanyabiashara wa London, alipewa hati ya kutengeneza kioo kifananacho na jiwe hilo, na baadaye akakikamilisha kwa kutia oksidi ya risasi. Risasi ndiyo ikipayo kioo uzito, ndiyo iipindayo nuru, na ndiyo ikilainishayo hata kikalikubali gurudumu la mchongaji. Mji wa Waterford, Ireland, ulipata sifa duniani kwa kazi hiyo tangu mwaka 1783. Kwa kanuni ya Ulaya ya mwaka 1969, kioo hakiitwi kristali ya risasi mpaka oksidi hiyo iwe asilimia 24 au zaidi ya uzito wake. Karibu robo ya bilauri!

Je, tuitupe? La. Kileo hunyonya risasi taratibu, na bilauri inywewayo na kuoshwa jioni ile ile haina neno kubwa kwa mtu mzima. La kuogopwa ni ile chupa ya kristali yenye kizibo cha kioo, ambamo wiski hukaa miezi ikipamba meza. Mwaka 1991 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipima mvinyo mtamu wa Ureno uliokaa miezi 4 katika chupa za namna hiyo, wakakuta risasi imeongezeka zaidi ya mara 20. Madini hayo huudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Basi mama mjamzito asiitumie bilauri hiyo, wala mtoto asitiliwe humo maji ya ndimu au ya machungwa, kwa kuwa ukali wake nao huitoa risasi.

Anayenunua mpya aulize kristali isiyo na risasi. Siku hizi viwanda hutumia bariamu au zinki badala yake, na mng'ao wake hauna kasoro. Ya zamani ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ifutwe kwa kitambaa laini. Isisuguliwe kwa majivu wala mchanga kama sufuria, maana kioo hicho ni laini na hukwaruzika upesi.