Pikapu ya Kale au ya Kisasa?

Kijana wa Naguru apigaye gitaa la solo katika harusi za Jumamosi, akiisha kuweka akiba ya miezi kadhaa, hujikuta njia panda: anunue pikapu za mtindo wa kale, ama za kisasa zenye nguvu? (Hii si ile gari ya kubebea matoke.)

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma utikisikapo juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kupelekwa kwenye amplifaya. Gitaa la Fender Stratocaster, lililotoka mwaka 1954, lilikuwa na pikapu tatu za koili moja moja, kila koili ikiwa na mizunguko ipatayo 8,000. Sauti yake ni angavu, kila uzi husikika peke yake. Kasoro yake ni mvumo, kwa kuwa koili hiyo hunasa pia umeme wa nyumba, ambao nchini Uganda ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliunganisha koili mbili zinazopingana, mvumo ukajifuta wenyewe. Magitaa ya Gibson yalianza kuwekewa pikapu hizo mwaka 1957.

Baadaye wengine walitafuta nguvu. DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972 iliongezewa waya na sumaku ya kauri, ili amplifaya ilemewe na sauti ikwaruze. Wapiga roki waliifurahia. Lakini katika dansi, kama ile ya Afrigo Band iliyoanzishwa Kampala mwaka 1975, magitaa hujibizana, na sauti nzito hufunika majibizano hayo. Kwa dansi, basi, mtindo wa kale ndio ufaao, mradi mpigaji akae mbali na taa za tyubu na transfoma. Hata kugeuka upande kidogo hupunguza mvumo.

Hata hivyo, ada za shule zikiwa mlangoni, akiba isitoke kabla ya bisibisi kujaribiwa. Pikapu iliyo karibu mno na nyuzi hutoa sauti nzito, na sumaku yake huzivuta nyuzi hata zikasikika kama hazikufungwa sawa. Ilegezwe skrubu za kando, ishushwe milimita moja, isikilizwe, kisha ishushwe tena. Nyuzi zilizoshika kutu zibadilishwe kabla ya jaribio hilo.