Samansi Iliyotafuta Mlango

Huenda nyumbani kwako yumo kijana anayesomea uwakili, na juma hili umemsikia usiku akikariri: Agizo la 5, Kanuni ya 12, Agizo la 10, Kanuni ya 4. Mwambie akifunge kitabu kidogo, tuifuate karatasi moja kutoka Kakuma hadi Lodwar.

Tuseme una duka la jumla Kakuma. Mfanyabiashara wa mifugo, mkazi wa viungani mwa Lodwar, kilomita zipatazo 120 kutoka kwako, alichukua unga na sukari kwa mkopo wa shilingi 1,200,000. Halipi. Utamshtaki wapi? Sheria yakuruhusu kushtaki anakoishi mdaiwa au mahali deni lilipozuka, kwa hivyo si lazima uende kwake.

Madai yakishapokewa, mahakama hutoa samansi. Hapa ndipo wanafunzi wengi husinzia darasani, na hapa ndipo kesi nyingi hufia. Samansi hudumu miezi 12, lakini usipoichukua katika siku 30 tangu itolewe au ujulishwe kuwa iko tayari, kesi yenyewe yaanguka.

Haya, mpeleka samansi amefika Lodwar. Mdaiwa hayupo, ukame umemsukuma na mifugo kuelekea milima ya Loima. Anarudi tena na tena, hampati. Baada ya majaribio ya kutosha, Kanuni ya 12 yamruhusu kumkabidhi mtu mzima wa familia anayeishi na mdaiwa. Mke, naam. Mtoto wa miaka kumi, la, hata kama ndiye pekee ajuaye kusoma bomani.

Asipopatikana yeyote, hati hubandikwa kwenye mlango wa nje, au mahali pengine pa nyumba panapoonekana wazi. Sasa kijana, jiulize: kibanda cha majani ya mkoma kina mlango gani wa nje? Kanuni zetu ni za 2010, lakini asili yake ni sheria ya India ya 1908, na nadhani aliyeziandika alikuwa na nyumba ya matofali akilini. Tangu 2020 samansi yaweza kutumwa hata kwa WhatsApp. Vizuri, ila simu iliyoishiwa moto malishoni haipokei kitu.

Kwa nini sheria isumbuke hivyo? Kwa sababu mdaiwa asipojitokeza kwa maandishi katika siku alizopewa, zisizopungua 10, na deni ni la kiasi kinachojulikana, waweza kuomba hukumu bila shahidi hata mmoja. Mzee atarudi na mvua akute mbuzi wake wanahesabiwa na dalali.

Bado ana njia: Agizo la 10, Kanuni ya 11, aombe hukumu itenguliwe. Ikiwa samansi haikumfikia kwa njia halali, kutenguliwa ni haki yake. Ikiwa ilimfikia, basi inategemea busara ya hakimu: alichelewa kwa nini, na je, ana utetezi wa kusikilizwa? Labda ana mashahidi kwamba alikulipa nusu ya deni kwa mbuzi, sokoni, mchana peupe.

Kwa hivyo hakimu ataanza na kiapo cha mpeleka samansi, na kijana wako naye aanzie hapo akifungua kitabu tena. Alifika saa ngapi? Nani alimwonyesha boma? Na ile karatasi ilipokewa na mkono wa nani?