Nina kamba, basi ninunue ng'ombe?

Najua nimekuwa kimya mno hapa kibarazani, lakini zamu za usiku na baridi ya Wisconsin vimenibana. Leo nina jambo linanikera na nataka kulisema. Mama, tafadhali usishike kichwa: ni habari ya bunduki za kuwindia. Zimefungiwa kabatini kwa kufuli, risasi ziko mahali pengine, na funguo ninazo mimi.

Wengi wenu mnajua kwamba kila Novemba naingia porini kuwinda kulungu wa huku, wale wenye mkia mweupe. Msimu wa bunduki hapa huanza Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving na ni wa siku 9 tu. Nyama yake tunaila mpaka Aprili. Ambacho sikuwahi kuwaeleza ni kwamba risasi natengeneza mwenyewe mezani, kule chumba cha chini cha nyumba. Si maajabu, wazee wengi wa huku wanafanya hivyo. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni inayowasha moto, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, ganda linabaki zima. Unalirudisha umbo lake kwa kulisukuma ndani ya kalibu kwa mashine ya mkono, unapachika fataki mpya, unapima baruti kwenye mzani, unakaza kichwa. Ganda zuri linarudi kazini mara kadhaa.

Sasa tabu ya kazi hii ni masalia. Kila aina ya bunduki ina maganda yake, kalibu zake na vichwa vya unene wake. Bunduki ikiondoka, vitu vyake vinabaki rafuni vikikutazama. Hapo mtu mzima na akili zake anaanza kuwaza: si ninunue tena ya aina ile ile, maana risasi zake karibu zote ninazo?

Mimi nasema hapana, tena nasema kama mtu aliyekwishalipa ada.

Mwaka 2018 jirani yetu mmoja, mzee wa Kizungu aliyenifundisha kuwinda, alihamia kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kabla ya kuondoka aliniita gereji, akanikabidhi sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na maganda 150 ya .270 Winchester, vichwa 300, kalibu zake, fataki, na makopo mawili ya baruti ya H4831 ambayo hayajafunguliwa. Kila kiboksi ameandika kwa penseli, mwandiko wa mtu wa shule za zamani. Kulikuwa na kopo la tatu, limefunguliwa na halina lebo. Hilo aliniambia nisilitumie kamwe, maana baruti isiyojulikana jina ni kifo, na nikaenda kulimwaga.

Mimi .270 sikuwa nayo. Bunduki yangu ni .30-06, maganda yake si hayo. Lakini sanduku lile lilikaa mle chini likininong'oneza. Mwaka 2019 mke wangu aliposema naye angependa kuja porini, sikumuuliza hata swali moja. Nikaenda dukani moja kwa moja nikanunua .270, dola 620, nikijisifu kwamba nimeokoa pesa.

Mama watoto ni mtu mdogo, mnamjua. Alipiga risasi nne uwanjani. Ya kwanza ilimpiga teke la bega mpaka akarudi nyuma hatua nzima. Ya pili na ya tatu nilimwona anafumba macho kabla ya kuvuta. Ya nne iliingia kwenye mchanga. Akaiweka mezani taratibu, akasema "asante baba, inatosha," na hajagusa bunduki tena mpaka leo. Mwaka 2021 niliirudisha dukani wakanipa dola 380. Piga hesabu wewe mwenyewe: nimepoteza dola 240, na vitu vyote vya sandukuni, ningevinunua vipya, havikuzidi hizo kwa mbali. Pesa ile ingeezeka choo cha Bibi. Lakini si pesa inayoniuma. Kinachoniuma ni kwamba alitaka kuja nami, na mimi nikamchagulia bunduki kwa kutazama rafu badala ya kumtazama yeye.

Mnamkumbuka Baba Mdogo na ile Phoenix? Alikuwa na tairi mbili mpya za 28 zilizobaki baada ya baiskeli ya kwanza kuibwa, akaona hasara kununua baiskeli ya kimo chake. Miguu haikufika chini. Kupanda ni mpaka apate jiwe, kushuka ni mpaka apate ukuta. Tulimcheka miaka mingapi! Kumbe ugonjwa ni wa ukoo, he he he.

Basi mwaka huu binti yetu, ametimiza 14, amemaliza kozi ya usalama wa uwindaji na anataka kwenda. Na mimi mwenye akili zangu, nilisimama dukani nimeshika .270 mkononi. Ndiyo, ile ile! Sanduku bado lipo, na mzee mwenyewe alikwishafariki, kwa hiyo sasa linanong'ona kwa sauti yake. Nikaona kuacha vitu vyake vikae bila kazi ni kama kumkosea adabu.

Wapo watakaonibishia, na nawaheshimu. Wanasema masalia ni mali, na mwaka 2020 fataki zilipopotea madukani, aliyekuwa nazo rafuni ndiye aliyeendelea kupiga. Ni kweli. Tena historia ya huku inawaunga mkono. Baada ya Vita Kuu ya Pili mtu mmoja aitwaye Bruce Hodgdon alinunua baruti za jeshi zilizobaki akawauzia wawindaji kwa bei ya chini. Mojawapo ni hiyo 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo, na ilikuja kuoana na .270 kama ugali na mlenda. Jack O'Connor, mwandishi wa jarida la Outdoor Life, aliisifu .270 miaka nenda rudi. Kwa hiyo masalia ya vita yaliwasaidia watu wengi kupenda bunduki fulani. Lakini wale walikuwa na bega la kuibeba!

Wengine wanasema punguza baruti, mtoto hatapigwa teke. Inawezekana. Kampuni ya Hodgdon hutoa vipimo vya kupunguza nguvu kwa kutumia H4895, mpaka asilimia 60 ya kipimo cha juu. Tatizo, mimi nina H4831, na baruti ya mwako wa polepole namna hiyo haifai kupunguzwa sana, ni hatari. Ina maana ninunue baruti nyingine ili niweze kutumia masalia niliyosema ni ya bure. Hapo bure iko wapi?

Nilirudisha ile .270 kwenye rafu yao, nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku nikaanza kupanga upya. Nikagundua kitu ambacho ningegundua mwaka 2019 kama ningekaa chini dakika kumi. Tuseme nimemchukulia binti .243 Winchester, ya mwaka 1955, ambayo teke lake kwa bunduki za uzito mmoja ni dogo kuliko lile la .270. Fataki ni zile zile kubwa za raifo. Baruti ya H4831 inafaa vizuri kabisa kwa vichwa vyake vya greni 100. Greni ndicho kipimo chao, 7,000 kwa paundi moja. Hata kile kipande cha kushikia ganda kwenye mashine hakibadiliki. Vinavyobaki bila kazi ni maganda, vichwa na kalibu basi. Yaani nusu ya sanduku inakwenda na mtoto bila kumlazimisha abebe kisichomfaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwanza mtazame mtu: bega lake, urefu wa mkono wake, atapiga nini na kwa umbali gani. Ukipata bunduki mbili tatu zinazomfaa sawasawa, hapo ndipo ushuke chini ukaulize rafu maoni yake. Rafu ina haki ya kusema, ila iseme mwisho.

Nimenunua .243 yenye kitako kifupi. Maganda, vichwa na kalibu za mzee nimempa kijana mmoja wa kazini, ana .270 ya baba yake na hana hela ya kuanzia. Nilimwambia habari za mzee. Viboksi vyenye maandishi ya penseli niliomba anirudishie vikiisha, sijui vya nini.

Jumamosi iliyopita tulikwenda uwanjani, mama yake akaja pia akakaa ndani ya gari na chai. Binti alipiga risasi 20 macho wazi, za mwisho tano zote zilikaa ndani ya sahani ya chai. Kisha akaniuliza kama tumebeba nyingine. Mama yake alikuwa ameshashuka garini anatazama.

Mwaka huu nikipata nyama nitawatumia picha. Msalimieni Bibi, mwambieni choo sijakisahau.