Twende Thimlich, na Tulale Huko

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, naomba nafasi katika kurasa hizi nilitoe dukuduku langu kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao, maana siku hiyo Chama chetu cha Kiswahili kitapiga kura kuamua mahali pa kwenda kwa ziara ya mwaka.

Mnajua wenyewe mkutano uliopita ulivyoisha. Wengine walipiga kelele "Gede!", wengine "Fort Jesus!", nami niliposimama na kutaja Thimlich Ohinga darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akasema ati huko hakuna kitu ila mawe na mbuzi. Mlezi wa chama akagonga meza, kengele ya chakula ikalia, tukatawanyika bila uamuzi wowote.

Sikukasirika. Mwaka juzi mimi pia ningecheka. Ila kuna mambo mawili yaliyonibadilisha, na ningependa niyaseme wazi kabla hatujapiga kura.

Jambo la kwanza ni ile ziara yetu ya Pwani ya mwaka juzi. Kila mwanachama alitakiwa kulipa shilingi 6,500. Tulikuwa wanachama 42, na waliopanda basi siku hiyo walikuwa 14. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu mjomba alinilipia. Tulisafiri zaidi ya kilomita 800, tukaiona Fort Jesus waliyoijenga Wareno kuanzia mwaka wa 1593, tukapiga picha kando ya mizinga, tukarudi na kashata mifukoni. Naam, ilikuwa ziara nzuri. Sitasema uongo.

Lakini kumbukeni yaliyofuata. Tuliorudi tukaitwa "Wapwani" na waliobaki wakaitwa "Wabara", na sisi Wapwani tukalipenda jina hilo mno. Tukaanza kusema "yakhe" hadi kwenye foleni ya githeri. Jirani yangu wa dawati, ambaye sote tulimjua kuwa ndiye malenga wa chama hiki, alikuwa miongoni mwa waliobaki. Jina lake halikuwamo katika ile orodha ya waliolipa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila aliyepita aliliona pengo hilo. Siku moja nilikuwa namsimulia habari za Mombasa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Wewe ulienda Mombasa. Mimi nilienda kuanika omena." Tangu hapo hakuja tena chamani, wala jarida hili halijachapa shairi lake jingine. Jamani, kama ziara ya chama inatupotezea malenga, imetufaa nini?

Jambo la pili ni nyanya yangu mzaa mama. Yeye alizaliwa huko Kadem, upande wa Nyatike, karibu na hizo kuta za Thimlich. Likizo ile nilimkuta anapepeta mtama, nikakaa karibu naye nikamweleza habari za Fort Jesus tangu mwanzo hadi mwisho. Alifurahi sana. Halafu akaniuliza, "Na kwetu umeenda lini, mjukuu wangu?" Nikanyamaza kama niliyemwagiwa maji. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na mimi mbachao sikuwa hata nimeutandika.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Hebu niwaeleze kidogo nilichopata, halafu mseme kama ni mawe na mbuzi tu.

Thimlich Ohinga iko katika Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Jina lenyewe ni la Kijaluo: thim ni msitu au nyika, lich ni kitu cha kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta. Inakadiriwa kuwa lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kama mita 1. Wala hakuna saruji, chokaa wala udongo uliotumika kuyashika mawe hayo. Yamepangwa safu ya nje na safu ya ndani, katikati yakajazwa mawe madogo, na kila jiwe likashikwa na jirani yake. Sisi tunaojua jinsi ukuta wa saruji unavyopasuka baada ya mvua mbili tuna haki ya kushangaa. Ujenzi wa namna hiyo bila saruji ndio uliofanya Great Zimbabwe isifike duniani kote.

Milango yake ni mifupi kwa makusudi. Anayeingia lazima ainame, na adui aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ndani kuna mazizi ya ng'ombe na alama za mahali nyumba ziliposimama, na karibu na kuta pana mahali walipofulia chuma. Boma kubwa kuliko yote linaitwa Kochieng. Kuna mawe yaliyochongwa vishimo vya kuchezea bao, mchezo ambao sisi tunauita ajua. Isitoshe, Thimlich si peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe 521 katika sehemu 138 za nchi hii iliyo kando ya ziwa letu. Mwaka wa 2000 Thimlich iliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kale yaliyo hatarini duniani, na mwaka wa 2018 UNESCO ikaitangaza kuwa Urathi wa Dunia. Dunia nzima imekwisha kuitambua, na sisi wa ng'ambo ya ghuba bado tunacheka!

Lililonigusa zaidi ni hili. Waliojenga kuta hizo sio walioishi humo hadi mwisho. Watu walikuja, wakakaa, wakahama. Wengine wakaja, wa lugha nyingine, wakazikuta kuta zimelegea hapa na pale. Hawakuzibomoa ili wajenge zao. Walizitengeneza, wakaingia, wakaendelea na maisha, hadi boma lilipoachwa kabisa katika karne ya 20. Ama kweli, kuna somo hapo kwa kila kamati mpya ya chama inayoanza kazi kwa kutupa daftari za kamati iliyopita.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, maana nazijua.

Hoja ya kwanza: "Sisi ni Chama cha Kiswahili, na Kiswahili kiko Pwani." Ndugu zangu, Kiswahili kilifika Kisumu zamani, na reli yenyewe ikafika mwaka wa 1901. Hakijawahi kurudi kwao. Kipo sokoni, kipo kwenye matatu, kipo hapa katika ukurasa huu unaousoma. Nilikwenda maktabani kwetu kutafuta chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili juu ya Thimlich, nikakosa hata ukurasa mmoja. Juu ya Fort Jesus nilipata insha za wanafunzi wa miaka na miaka, zote zikianza na mizinga na kuishia na bahari. Je, kuna haja ya kuongeza ya 15? Hata neno tu linatushinda. Ohinga tuiite nini? Ngome ni ya askari na silaha. Boma ni la familia na mifugo. Nayo Thimlich ilikuwa yote mawili. Kazi ya kulitafuta neno hilo ni yetu, sio ya mtu wa Lamu.

Hoja ya pili: "Kama ni karibu, twende turudi siku hiyo hiyo. Ya nini kulala?" Hii ndiyo hoja ninayoisikia hata kwa walimu, na naiheshimu. Lakini tazameni njia. Ukizunguka kwa barabara kupitia Kisumu na Ahero ni mwendo mrefu, na kutoka Homa Bay hadi Thimlich bado kuna kama kilomita 60. Ukivuka kwa kivuko cha Luanda Kotieno hadi Mbita unaokoa mzunguko huo wote, ila lazima uifuate saa ya kivuko. Tukitaka kwenda na kurudi siku moja, tutafika saa nane, tutakimbizwa kama mbuzi sokoni, kisha basi la wanafunzi litatembea usiku. Mzazi gani anataka hivyo? Kulala ndiyo salama zaidi.

Tena kuna sababu nyingine. Ngome haieleweki saa saba mchana. Saa saba ni mawe tu, kweli kabisa, mawe ya moto. Lakini ngoja jua lichwe. Ngoja giza liingie na fisi aanze kulia, ndipo utajua kwa nini mtu alibeba mawe siku baada ya siku. Nyanya aliniambia kwamba walipokuwa wadogo wakichunga ndama, wakiona jua limegusa vilima hakuna aliyebaki nyuma. Hofu hiyo ndiyo iliyozijenga kuta, na hatuwezi kuisoma kwenye ubao wa darasa.

Hoja ya tatu ni pesa. Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea. Pendekezo langu ni hili. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa wiki kwa muda wa wiki 10. Tukiwa 42, hizo ni shilingi 21,000. Haba na haba hujaza kibaba. Siku ya michezo tuuze njugu na mandazi, na faida yote iingie katika mfuko huo huo mmoja. Asiyeweza hizo 50 afanye kazi ya kuuza, bila kuulizwa kwa nini. Na orodha isibandikwe popote. Mweka hazina aijue, mlezi wa chama aijue, basi. Tukipungukiwa, tumwendee Mwalimu Mkuu kwa adabu atusaidie mafuta ya basi. Pesa zikikosa kututosha sote, ni heri tuahirishe ziara hadi zitoshe kuliko kuondoka na 14 tena.

Mpango wenyewe ni rahisi. Muhula huu kamati iwaandikie barua Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambao ndio watunzaji wa Thimlich, kuomba siku na mtu wa kutuelekeza. Iandikie pia shule iliyo karibu na huko ituazime madarasa mawili ya kulala, moja la wasichana na moja la wavulana, kama shule zinavyofanyiana wakati wa mashindano ya muziki. Walimu wa kike na wa kiume waandamane nasi. Kila mtu abebe blanketi, chandarua, sahani na daftari. Chakula tupike wenyewe: unga, omena, sukuma wiki na maharagwe tutoke navyo hapa. Jumamosi alfajiri tuondoke, tuvuke ziwa, alasiri tuwe kwenye kuta. Jioni tuombe mzee mmoja wa huko atusimulie anayoyajua. Jumapili jua likichomoza turudi kwenye kuta na kamba za kupimia, tuchore, tuandike, kisha tuanze safari ya kurudi mapema ili tukiwahi kivuko.

Sharti moja tu: asiguse mtu jiwe. Ukuta usio na saruji hauna msamaha. Ukichomoa moja kwa mchezo, umechokonoa yote yaliyo juu yake. Nyanya anasema walipokuwa wadogo wazee waliwakataza hivyo hivyo, na mtoto aliyekaidi alikiona cha mtema kuni.

Tukirudi, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Kurasa 42 zikishonwa pamoja ni kijitabu, nacho kiwekwe maktabani, ili atakayekuja baada yetu kutafuta habari za Thimlich asirudi mikono mitupu kama mimi.

Wapenzi wa Gede, sina ugomvi nanyi. Gede ni mji wa ajabu, nao uliingizwa kwenye Urathi wa Dunia mwaka wa 2024. Siku moja, Mungu akipenda, tutaufikia, na tukifika mwenyeji akatuuliza, "Na kwenu kuna nini?", tutakuwa na jibu la kumpa.

Basi siku ya kura ikifika, msinifuate mimi. Jiulizeni tu ni mahali gani tunaweza kwenda sote. Nimekwisha kumtembelea jirani yangu wa dawati nikamsomea barua hii kabla ya kuileta kwa mhariri. Hakusema atarudi chamani. Aliuliza kama ni kweli kwamba kwenye mawe ya huko kuna vishimo vya ajua, na kama mtu anaweza kukaa hapo akacheza. Nikamwambia sijui, twende tukaone.