Theluji ya Mlima Kenya na Maji ya Tana

Mtoto wa Garissa anaijua barafu inayouzwa dukani jua likiwaka, lakini theluji hajaiona. Akisoma shuleni kwamba Mto Tana huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya wenye theluji, humuuliza mamaye: "Hooyo, maji tunayokunywa ni theluji iliyoyeyuka?" Wazazi wengi hujibu ndiyo. Je, ni kweli?

Tuanze huko juu. Kilele cha Batian kina mita 5,199 na jirani yake Nelion mita 5,188. Yote miwili ni majabali matupu yaliyosimama wima, ambayo hupandwa kwa kamba. Lenana, yenye mita 4,985, ndiyo inayofikiwa na msafiri wa kawaida. Kati ya Lenana na Nelion ndipo ilipolala barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kupita zote mlimani.

Theluji ya huko haina msimu kama ya Ulaya. Ikweta haina majira ya baridi. Mchana kuna jua kali, usiku maji huganda. Theluji huweza kuanguka mwezi wowote, hasa nyakati za mvua, na mara nyingi ile ya asubuhi huwa imeyeyuka kufikia alasiri. Hata pande za mlima hupokezana: mnamo Januari jua hupiga upande wa kusini, na kaskazini kukabaki na barafu, Julai mambo hugeuka.

Wapo waliowahi kubeba mbao zao za kuteleza hadi barafu ya Lewis. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, umezungukwa na mawe makali, na ukiwa umepasuka hapa na pale. Hewa nayo ni haba, hata mwenye afya huhema. Si ajabu kwamba Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, alikwenda kujifunzia mchezo huo Finland. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, lakini bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja mwishoni, akamkumbatia.

Leo hata uwanja ule umekwisha. Kati ya mwaka 1934 na 2010 barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, kisha ikakatika vipande viwili. Dunia imepata joto, na theluji inayoanguka haitoshi tena kufidia inayoyeyuka.

Sasa, mpenzi msomaji, usishtuke ukadhani Tana itakauka kesho. Barafu hiyo ni ndogo mno kuulisha mto wa takriban kilomita 1,000. Kinachoujaza Tana ni mvua inayonyesha milimani na kunywewa na msitu, kisha ikaachiliwa polepole kupitia chemchemi. Kwa hiyo anayekata mti huko juu anamdhuru mkulima wa ndizi na maembe wa Garissa kuliko jua linaloyeyusha Lewis. Msitu ukiisha, mvua hushuka kwa pupa, ikibeba udongo. Kiangazi kikija, mto hubaki mchanga.

Na mvua hiyo hiyo ndiyo hutuletea gharika. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, likijaa na kumwaga, maji hupita mabwawa mengine na kutufikia baada ya siku kadhaa, hata kama mbingu ya Garissa ni nyeupe. Aprili 2024 barabara ya Nairobi ilifunikwa na maji, na mashua ikapinduka Kona Punda, karibu na Madogo. Watu walifariki.

Basi mama, mwanao akiuliza, mwambie: "Theluji ni pambo la mlima, tunakunywa mvua na msitu." Nawe baba mwenye shamba au nyumba kando ya mto, usingoje mawingu ya hapa. Sikiliza redio: kukisemwa Masinga inafurika, hamisha watoto, mbuzi na pampu ya maji siku hiyo hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu sisi mawingu yenyewe yako Nyeri na Meru.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.