Fundi Konde na Nafasi ya Nyimbo za Dansi katika Ushairi wa Kiswahili

Mpita njia afikapo Kengeleni, katika eneo la Kisauni, bara ya Mombasa, huiona kengele kongwe iliyopapa mahali hapo jina. Ni kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hupajua mahali hapa kupitia kwa James Mbotela na kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ni wachache wajuao kwamba wanahistoria wa muziki hupataja pia miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa gitaa lilikopigwa nchini Kenya. Kitabu kimepata msomaji chuoni. Gitaa, pamoja na maneno yaliyoimbwa nalo, bado halijampata.

Mfano bora wa kupuuzwa huko ni Fundi Konde. Alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wamijikenda, si mbali na Mombasa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alitumika katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, akawatumbuiza askari Waafrika huko Asia. Baada ya vita alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya, na katika miaka ya 1950 sauti yake ya upole ilisikika kwenye santuri na redio kote Afrika Mashariki. Baadaye alinyamaza kwa miaka mingi, hata kundi la Them Mushrooms liliposhirikiana naye kuzifufua nyimbo zake za zamani. Alifariki mwaka 2000.

Muziki wake haukuota pweke. Santuri za Cuba zilizojulikana kama GV zilianza kuingia Afrika katika miaka ya 1930, na rumba ikapata wenyeji wapya. Dada yake rumba ni bolero, wimbo wa mapenzi wa taratibu uliozaliwa Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, kisha ukahamia Mexico na kukua huko. Mwimbaji wa Mexico, Pedro Infante, alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1957, umati mkubwa ulijitokeza kumlilia, na hadi leo kumbukumbu yake huadhimishwa. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza bolero katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Cuba na Mexico. Mataifa hayo yameuona wimbo wa mapenzi kuwa ushairi wa watu wao. Je, Waswahili wamefanya nini na wa kwao?

Wapo watakaojibu kwamba nyimbo za dansi si ushairi, kwa kuwa hazifuati vina na mizani kama ilivyoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama vyuo vingeishika kwa uaminifu. Lakini tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina yamesomwa, yamehakikiwa na kutahiniwa. Haiwezekani kumfungulia mlango mshairi wa chuo kikuu kwa kusema kwamba jazanda na mdundo wa ndani vyatosha, kisha kumfungia mpiga gitaa mlango uo huo kwa kukosa mizani. Taarabu nayo imekwisha kukubaliwa, na haki hiyo inastahili kuufikia pia wimbo wa dansi.

Wengine husema lugha ya nyimbo hizi ni nyepesi mno. Na wayatazame majina tu ya nyimbo za Konde. Katika Majengo Siendi Tena, jina la mtaa limetangulizwa mbele ya kitenzi, na hasira yote ya msemaji imewekwa hapo kabla hajasema kitu kingine. Katika Kipenzi Waniua-ua, uradidi wa kitenzi hubadili kifo cha mara moja kuwa mateso ya kidogo kidogo, na kiambishi cha wakati ni kile kilichozoeleka katika ushairi wa pwani. Huo si wepesi bali ni ufundi uliofichwa chini ya usahili, na kuufichua ndiyo kazi ya mhakiki.

Hasara ya kuchelewa inaonekana katika Malaika. Wimbo huu uliorekodiwa na Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, uliimbwa na Miriam Makeba na kuzunguka dunia nzima. Hata hivyo mjadala kuhusu mtunzi wake asilia haujafa, kwani wapo wanaomtaja Adam Salim. Kama kungalikuwa na msomi aliyewahoji wahusika mapema na kuyaandika maelezo yao, huenda ubishi huu ungalikuwa mfupi. Hivi sasa wazee waliocheza dansi Mombasa katika miaka ya 1950 wanapungua kila mwaka, na kila azikwaye huondoka na beti, majina na tarehe.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchagua mwimbaji mmoja, akanukuu nyimbo zake kwa uangalifu, akazihakiki, na kuiacha nakala maktabani. Wahadhiri nao wanaweza kutenga nafasi katika kozi ya ushairi, hata ya wiki mbili. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Chanda kilichopiga gitaa la Fundi Konde kimekwisha kulala kaburini, ila maneno aliyoyaimba bado yanaweza kuvikwa pete hiyo.